Kazi ya daktari-mwanazuoni wa mifumo ya afya: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa na madaktari wa intern, wanafunzi wa udaktari wa miaka ya mwisho na waganga wakuu wa wilaya wanaofikiria kurudi shule. Yameanzia ya msingi na kwenda kwenye magumu. Mifano mingi ni ya Tanzania kwa sababu ndiko ninakofanya kazi. Pale utaratibu wa Kenya au Uganda unapotofautiana kwa jambo la maana, nimeeleza.

## Mambo ya msingi

1. Daktari-mwanazuoni wa mifumo ya afya ni nani, na anafanya nini hasa?

Ni daktari aliyesajiliwa kutibu, ambaye pia anafundisha chuo kikuu na kutafiti jinsi huduma za afya zinavyopangwa, zinavyogharamiwa na zinavyomfikia mtu.

Chukua mama aliyejifungulia kituo cha afya akaanza kutokwa damu nyingi. Daktari wa uzazi anaona mfuko wa uzazi haujakaza: anaukanda, anaagiza oxytocin, anafungua dripu. Mtu wa mifumo ya afya anaanzia pale pale na kurudi nyuma. Oxytocin inatakiwa kukaa kwenye nyuzi 2 hadi 8. Mbona iliachwa kabatini? Friji imezimika, gesi imeisha. Hela ya gesi ipo kwenye akaunti ya kituo, ila mtia saini wa pili yuko mkoani kwenye mafunzo. Na fomu ya kuagiza dawa iliyopelekwa Bohari ya Dawa (MSD) ilijazwa kwa kukisia, maana anayetakiwa kutunza leja ni mkunga yule yule anayezalisha usiku kucha. Kila kimoja kati ya hivyo kinaweza kuchunguzwa, kupimwa na kurekebishwa. Hiyo ndiyo kazi.

Darasani huwa tunaanza na mgawanyo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2007, unaoutazama mfumo wa afya kwa sehemu sita: utoaji wa huduma, watumishi, taarifa, dawa na vifaa, fedha, na uongozi. Unafaa kwa kuanzia. Kasoro yake kubwa ni kwamba wananchi wenyewe, wanaoamua waende zahanati au wabaki nyumbani, hawamo kwenye hizo sita.

2. Kuna tofauti gani kati yake na mganga mkuu wa wilaya?

Mganga mkuu wa wilaya anauendesha mfumo. Mwanazuoni anauchunguza na kuwafundisha watakaouendesha. Tofauti hiyo ni ndogo kuliko inavyodhaniwa, na wengi waliobobea wamekaa viti vyote viwili. Tazama swali la 6.

3. Lazima niwe daktari?

Hapana. Baadhi ya watu walioijenga taaluma hii si madaktari. Lucy Gilson, profesa wa Chuo Kikuu cha Cape Town ambaye maandiko yake karibu kila mwanafunzi wa fani hii huyapitia, ni mchumi. Wapo wanasosholojia, wafamasia, wauguzi na wanasheria.

Udaktari unakupa mambo mawili: unaifahamu huduma kwa mikono yako, na ukiingia wodini wenzako hawakuoni mgeni. Lakini una hatari yake. Tumezoeshwa kutafuta tatizo moja kwa mgonjwa mmoja na kulipatia dawa moja, na mfumo wa afya hauponi kwa njia hiyo. Daktari anayeingia huku bila kukubali kufundishwa na mchumi au na mtu wa sayansi za jamii hataendelea mbali.

4. "Afya ya kimataifa" maana yake ni kufanya kazi nje ya nchi?

Kwa muda mrefu ilikuwa na maana hiyo: mtu wa Ulaya au Marekani kuja kufanya kazi Afrika. Siku hizi maana inabadilika, na inapaswa kubadilika. Ukichunguza kwa nini bima ya afya haiwafikii wakulima wa Igunga, ulikoanzia Mfuko wa Afya ya Jamii (CHF) mwaka 1996, unafanya afya ya kimataifa kama anayechunguza suala hilo hilo Ghana au Mexico. Kinachoifanya iwe ya kimataifa ni kulinganisha na kujifunzana baina ya nchi. Pasipoti yako haihusiki.

## Masomo na njia ya kupitia

5. Inachukua miaka mingapi?

Kwa Tanzania: shahada ya kwanza ya udaktari (MD) miaka 5, intern mwaka 1, kisha usajili kamili kwenye Baraza la Madaktari Tanganyika. Hapo unagawanyika. Shahada ya uzamili ya afya ya jamii (MPH) ni mwaka 1 ukisoma muda wote, au 2 kwa wanaosoma huku wakifanya kazi. Ubingwa (MMed) kwa kawaida ni miaka 3 au zaidi kidogo, kulingana na fani. Uzamivu huandikwa kuwa miaka 3 au 4, ila watu wengi hupitiliza. Kenya shahada ya kwanza ya udaktari ni miaka 6; Makerere ni 5.

Ukijumlisha na kazi ya katikati, mtu anayeanza chuo akiwa na miaka 20 huwa anakaribia 40 anapomaliza uzamivu. Nakwambia mapema ili upange maisha yako, si ili ukate tamaa. Ndoa, watoto na wazazi wanaozeeka havisubiri tasnifu ikamilike.

6. Nikishamaliza intern, niende moja kwa moja kusoma au nifanye kazi wilayani kwanza?

Nenda wilayani. Katika ukurasa huu wote, hili ndilo ninaloliamini zaidi.

Mifumo ya afya haisomwi vitabuni pekee. Mpaka uwe umekaa kwenye kikao cha timu ya uendeshaji wa huduma za afya ya halmashauri, bajeti imekatwa na mnagombania kama mafuta yaende kwenye gari la wagonjwa au kwenye usimamizi shirikishi (ziara za kuvikagua na kuvielekeza vituo), bado hujajua "vipaumbele" ni kitu gani. Mpaka uwe umefungua kitabu namba 12, cha wodi ya wazazi, cha MTUHA (mfumo wa kutunza taarifa za huduma za afya), ukaona kurasa za wiki nzima zimejazwa kwa kalamu moja na mwandiko mmoja siku moja kabla ya ripoti, hutajua takwimu za kompyuta zinatoka wapi. Ukishaliona hilo, hutawahi tena kupokea grafu bila kuuliza nani aliandika, saa ngapi, na alikuwa zamu na nani.

Mfano ninaoupenda ni wa Irene Agyepong wa Ghana. Alikuwa mganga mkuu wa wilaya ya Dangme West, baadaye mkurugenzi wa afya wa mkoa wa Greater Accra, na wakati huo huo alikuwa anatafiti na kuandika. Ghana ilipotunga sheria ya bima ya afya ya taifa mwaka 2003, yeye alikuwa tayari anajua bima ya wilaya inavyofanya kazi kwa kuwa alihusika nayo. Mtu wa namna hiyo anapozungumza, waziri na mhudumu wa zahanati wote wanamsikiliza.

Ukae muda gani? Angalau upitie mizunguko miwili kamili ya kupanga na kutekeleza Mpango Kabambe wa Afya wa Halmashauri. Mzunguko wa kwanza unajifunza maneno. Wa pili ndipo unaona lililoandikwa mwaka jana limeishia wapi.

7. Nichague MMed au MPH?

Jiulize kama ungependa kuendelea kuona wagonjwa. Kama ndiyo, ubingwa kwanza, na MPH au uzamivu baadaye. Zipo pia fani za ubingwa zilizo karibu na mifumo ya afya, kama afya ya jamii. Kama moyo wako hauko tena wodini, usijitese miaka yote hiyo kwa ajili ya heshima ya kuitwa bingwa. Nenda MPH, kisha uzamivu.

Kuna sababu moja ya kiutendaji: kwenye vyuo vya tiba, MMed mara nyingi huhesabiwa kuwa sifa ya kuingilia ngazi ya mhadhiri, wakati mwenye MPH peke yake huanza chini kama mhadhiri msaidizi na kutakiwa kupata uzamivu.

8. Nisome ndani au nje?

MPH isome ndani au kanda hii: Muhimbili (MUHAS), Makerere, Nairobi, Cape Town, Western Cape, Witwatersrand. Utasoma na watu utakaofanya nao kazi miaka 30, na mifano ya darasani itakuwa ya hospitali unazozijua.

Kwa uzamivu, mpango bora ni kujisajili nyumbani ukiwa na msimamizi wa pili nje, au kujisajili nje huku data zikikusanywa nyumbani. Usikubali mada uliyochaguliwa kwa sababu mradi wa msimamizi unahitaji mtu. Utaishi na mada hiyo miaka mingi.

9. Ada nitaipata wapi?

Kuna ufadhili wa Chevening na wa Jumuiya ya Madola kwa Uingereza, DAAD kwa Ujerumani (ina pia nafasi za kusoma hapa hapa Afrika), na TDR, programu yenye makao yake Shirika la Afya Duniani, inayofadhili uzamili unaohusu utafiti wa utekelezaji. Kwa uzamivu angalia CARTA, muungano wa vyuo vya Afrika ulioanza mwaka 2008 chini ya APHRC, kituo cha utafiti cha Nairobi, na Chuo Kikuu cha Witwatersrand. Unawalenga watu walioajiriwa tayari kwenye taasisi wanachama. Kwa hiyo kupata ajira ya chuo kwanza, hata ya ngazi ya chini, hufungua milango ambayo barua nzuri ya maombi haiwezi kuifungua.

## Kazi yenyewe

10. Siku inakwendaje?

Hakuna siku moja ya mfano, ila wiki ina sura yake: nusu siku au siku moja kliniki au raundi, vipindi viwili vitatu vya kufundisha, wanafunzi wa uzamili wenye rasimu mkononi, kikao cha mradi, na saa nyingi za kuandika. Mara kadhaa kwa mwaka unakuwa nje ya ofisi kwa wiki nzima ukikusanya data. Maombi ya fedha za utafiti yatakula muda wako kuliko unavyotarajia, na mengi yatakataliwa.

11. Vibali vya utafiti vinapatikanaje? Mbona vinachukua muda mrefu?

Andiko linaanza kwenye kamati ya maadili ya chuo au taasisi yako, kisha kamati ya taifa iliyo chini ya NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, pale inapohitajika. Mtafiti wa kigeni anahitaji na kibali cha COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia. Zanzibar ina taasisi yake ya utafiti wa afya na kamati yake ya maadili, kwa hiyo kibali cha bara hakikuvushi. Kenya utapita NACOSTI, tume yao ya sayansi, na kaunti husika. Uganda, kamati ya maadili kisha UNCST, baraza lao la sayansi.

Wengi hudhani wamemaliza hapo. Kwa vituo vya serikali Tanzania Bara, bado kuna barua ya TAMISEMI (ofisi ya serikali kuu inayosimamia halmashauri), inayokupeleka kwa Katibu Tawala wa Mkoa, anayekupeleka kwa Mkurugenzi wa Halmashauri, anayekupeleka kwa Mganga Mkuu wa Wilaya, ambaye ndiye anamwandikia mfawidhi wa kituo. Kila ofisi barua inapita masjala kwanza. Beba nakala za kutosha zenye mihuri, fika asubuhi, na usipange kuanza wiki ya Baraza la Madiwani au wakati halmashauri inafunga bajeti, kwa sababu anayetakiwa kusaini hatakuwepo.

Nimesikia watafiti wageni wakiuita mlolongo huu usumbufu. Mimi siuoni hivyo. Kila meza unayopita ina mtu atakayeulizwa siku kituo kikilalamika, na kila mmoja ana haki ya kujua unachokuja kufanya. Ukienda kwa heshima, mganga mkuu yule yule atakupa chumba, dereva na ukweli usioandikwa popote. Na ukimaliza, rudi kumweleza ulichokuta, kabla hujakipeleka kwenye jarida.

12. Nitapandaje cheo chuoni?

Ngazi ni mkufunzi msaidizi, mhadhiri msaidizi, mhadhiri, mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki, profesa. Kinachokupandisha hasa ni machapisho kwenye majarida yanayopitiwa na wataalamu, pamoja na tathmini ya ufundishaji. Ripoti uliyoiandikia wizara, hata ikibadilisha sera ya nchi, huhesabiwa kidogo au haihesabiwi. Hilo si haki na linahitaji kurekebishwa, ila mpaka lirekebishwe, hakikisha kila ripoti kubwa inazaa makala.

13. Utafiti huu unabadilisha kitu kweli?

Ndiyo, ingawa si kila mara.

Mwishoni mwa miaka ya 1990, Wizara ya Afya ya Tanzania na shirika la utafiti la Kanada, IDRC, waliendesha mradi wa TEHIP katika wilaya za Rufiji na Morogoro Vijijini. Wazo lilikuwa jepesi kulieleza: waonyeshe waganga wakuu ni magonjwa gani yanaua watu wao, kwa kutumia takwimu za kaya kwa kaya, kisha waache wapange bajeti wenyewe. Ilionekana mara moja kuwa malaria ilikuwa inachukua sehemu kubwa sana ya vifo na sehemu ndogo sana ya fedha. Bajeti zikahamishwa kwenda malaria na matibabu ya pamoja ya magonjwa ya watoto. Wilaya ziliwekewa nyongeza ya hadi dola 2 kwa kila mkazi kwa mwaka, na zikashindwa hata kuitumia yote. Vifo vya watoto vilishuka kwa zaidi ya asilimia 40 katika miaka michache iliyofuata. Mambo mengine nayo yalichangia, na waandishi makini wanalisema hilo, lakini funzo kwamba fedha kidogo zikielekezwa panapostahili huokoa maisha limebaki.

Mfano wa pili ni wa dawa. Zamani MSD ikikosa dawa, kituo kililazimika kuhangaika na nukuu za bei kutoka maduka binafsi huku wagonjwa wakiondoka na karatasi tu. Mfumo wa Jazia ulioanza Dodoma mwaka 2014 uliweka mshitiri mmoja wa mkoa, aliyepatikana kwa zabuni, wa kujazia kinachokosekana. Ulikwenda Morogoro na Shinyanga mwaka 2016, na mwaka 2018 nchi nzima. Ulifika huko kwa sababu ulijengwa ndani ya halmashauri na watu wa halmashauri.

Upo na upande wa pili. Malipo kwa ufanisi, yaani vituo kulipwa ziada vikifikia malengo, yaliyojaribiwa mkoa wa Pwani kuanzia 2011 yalitathminiwa kwa umakini na Taasisi ya Afya Ifakara na wenzao wa nje. Kujifungulia kituoni na kinga ya malaria kwa wajawazito vilipanda, lakini viashiria vingine vingi havikusogea. Tathmini inayosema "hapa imefanya kazi, hapa haikufanya" ni ya thamani kubwa, hata kama haimfurahishi mfadhili.

14. Naweza kuendelea kuona wagonjwa?

Unaweza, na ningekushauri usiache kabisa. Paul Farmer, daktari wa Marekani aliyepata MD na uzamivu wa anthropolojia Harvard mwaka 1990, aliendelea kutibu Haiti na Rwanda huku akiandika na kufundisha. Hospitali ya Butaro, kaskazini mwa Rwanda, ambayo yeye na wenzake wa shirika la Partners In Health waliijenga pamoja na serikali na kuifungua 2011, ndiko alikofia Februari 2022 akiwa bado anafundisha. Si kila mtu ana nguvu zile. Kliniki moja kwa wiki inatosha kukukumbusha foleni ina urefu gani.

## Hali za pembeni na maswali magumu

15. Nikiitwa serikalini, nikubali?

Inategemea unaweza kurudi au la. Omba likizo bila malipo kabla hujafikiria kuacha chuo. Julio Frenk, daktari wa Mexico, alianza kama mtafiti, tafiti za Mexico zikaonyesha kwamba zaidi ya nusu ya matumizi ya afya yalitoka mifukoni mwa wananchi, na alipokuwa waziri wa afya kati ya 2000 na 2006 akaanzisha bima ya Seguro Popular. Aliruhusu watafiti huru waipime kwa kuchagua kwa bahati nasibu maeneo ya kuanza nayo, jambo ambalo mawaziri wachache wangethubutu. Bima ilipunguza gharama za kufilisi familia. Hata hivyo, serikali nyingine iliifuta, na kuanzia Januari 2020 ikawa haipo. Ushahidi haujilindi wenyewe kwenye siasa.

Agnes Binagwaho, daktari wa watoto, alikuwa katibu mkuu kisha waziri wa afya wa Rwanda (2011–2016), akapata uzamivu wake mwaka 2014 akiwa bado waziri, na baadaye akaongoza chuo kikuu kilichopo Butaro. Kwa hiyo inawezekana kuvuka pande zote mbili.

16. Nimevuka miaka 40. Nimechelewa?

Hapana. Miriam Were wa Kenya alikuwa mwalimu kabla ya kusomea udaktari, kisha akafundisha Chuo Kikuu cha Nairobi na kuwa miongoni mwa waasisi wa afya ya jamii inayoendeshwa na wanavijiji wenyewe. Mwaka 2008 alipata Tuzo ya Hideyo Noguchi ya Japani. Miaka uliyokaa wilayani (swali la 6) ni mtaji. Angalia tu ukomo wa umri kwenye fomu za ufadhili.

17. Mradi ukifa nitakula nini?

Swali hili limekuwa la kweli sana tangu Januari 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje. Kufikia Julai mwaka huo shirika lake la misaada, USAID, lilikuwa limefungwa. Wenzetu wengi walipoteza kazi kwa barua pepe moja. Ukiwa na chaguo, chagua ajira ya kudumu ya chuo au serikali hata kama mshahara ni mdogo kuliko wa mradi, na fedha za miradi uzichukulie kuwa za kupita. Usikopee nyumba kwa mshahara wa mkataba wa miezi 12.

18. Nimekusanya data yote, jina langu limewekwa kwenye shukrani. Nifanye nini?

Zungumza mapema na kwa maandishi. Vigezo vya uandishi vinavyofuatwa na majarida ya tiba vinataka mchango wa kweli, kushiriki kuandika au kusahihisha, kuidhinisha toleo la mwisho na kuwajibika nalo. Mara nyingi watu wetu hunyimwa hiyo hatua ya pili, ya kuandika, halafu wanaambiwa hawakutimiza vigezo. Kwa hiyo dai rasimu, andika sehemu, hifadhi barua pepe. Tamko la Cape Town kuhusu usawa katika ushirikiano wa utafiti, lililotokana na mkutano wa 2022, litakupa maneno ya kumwandikia mkuu wa mradi bila kugombana. Njia bora ni makubaliano ya majina kusainiwa kabla ya dodoso la kwanza.

19. Nimesomea udaktari nje na nataka kurudi kufundisha nyumbani.

Anza na usajili, si na maombi ya kazi. Waandikie Baraza la Madaktari Tanganyika (au baraza la Zanzibar, Kenya au Uganda) ukiwa bado huko, uulize wanataka nini kuhusu chuo chako, mitihani na intern, na vyeti vyako vipelekwe kuhakikiwa TCU, tume ya vyuo vikuu. Mchakato ukianza ukiwa umeshatua, utakaa miezi bila kipato.

20. Matokeo yangu yanaonyesha mpango wa serikali haufanyi kazi. Nichapishe?

Chapisha, kwa mpangilio huu. Kwanza rudia hesabu, na mpe mwenzako asiye kwenye mradi azirudie bila wewe kuwepo. Pili, peleka matokeo kwa wahusika, kuanzia halmashauri hadi idara ya wizara, uwape muda wa kujibu kwa maandishi. Mara nyingi watakuonyesha kitu ambacho hukukijua, kama waraka uliobadilisha utaratibu katikati ya utafiti. Tatu, ingiza jibu lao kwenye makala. Nne, usitaje kituo wala mhudumu kwa namna inayoweza kumtambulisha, maana atakayeadhibiwa ni mkunga na si mpango. Hakikisha pia kwamba mkataba wako na mfadhili haumpi mtu yeyote haki ya kuzuia uchapishaji. Kifungu hicho kisome siku ya kusaini, kwa sababu baada ya matokeo kutoka hakuna atakayekubali kukibadilisha.